NATI SI NATI TU



Kwenye mkutano wa juzi wengi mlipiga makofi iliposemwa tununue nati za kupima kwa kilo, mchanganyiko, kutoka kwa wauza vyuma chakavu kule Mbeya. Ati ni rahisi, na nati ni nati tu mradi inaingia. Sisi tunaoshughulika na tela na mashine ya kusaga hatukupiga makofi, na sababu tunaieleza hapa.

Msimu wa viazi uliopita, kwenye mteremko wa kwenda Kiwira, mkono wa kuvutia tela ulichomoka upande mmoja. Juu ya magunia walikaa vijana watatu. Dereva alikanyaga breki mapema, basi tukapona. Tuliposhuka kutazama, bolti ilikuwa nzima kabisa, ila nati haipo.

Kosa ni letu wenyewe, hatumsingizii mtu. Tela ile ni ya zamani, bolti zake ni za inchi robo tatu. Nati tuliyoweka ilikuwa M20. Sasa sikilizeni vizuri: robo tatu ni milimita 19 na nukta tu, M20 ni milimita 20. Meno ya ile ya inchi ni 10 kwa kila inchi, yaani jino hadi jino milimita 2.54, ya M20 ni 2.5. Yanakaribiana mno! Nati inaingia, inazunguka mpaka mwisho, unakaza, unajisifu. Kumbe meno yameshikana nchani tu. Ukiweka mzigo na matuta, yanakatika yote.

Afadhali M16 kwenye bolti ya inchi tano ya nane. Ile inazunguka kidogo halafu inagoma, ukijua kwamba umekosea. Hii ya robo tatu haigomi, na ndiyo mbaya.

Dalili ilikuwepo, tuliipuuza. Kichwa cha bolti kilitaka spana ya inchi moja na moja ya nane, nati ikataka spana namba 30. Bolti moja, spana za vipimo vya aina mbili, bwana! Hapo ilitupasa tusimame. Dalili nyingine: kabla hujakaza, itikise nati kwa vidole. Ikicheza-cheza sana, itoe.

Namba zenyewe si nyingi. M16 ni spana 24, M20 ni 30, M24 ni 36. Bolti yenye 8.8 kichwani ipewe nati yenye 8, si laini ya kufungia mabati. Na kwa mvua hizi za Rungwe, pakeni grisi kabla ya kufunga, tuache huu mtindo wa kufungua kwa tindo na nyundo. Nati iliyopigwa tindo haishiki spana tena.

Kwa hiyo tunapinga gunia la mchanganyiko. Fedha za mfuko wa mashine zinunue nati chache, mpya, za vipimo viwili tunavyovitumia, na za inchi kwa ajili ya tela ziwekwe kopo lake peke yake, lililopakwa rangi nyekundu.

Sampuli tumezitundika kwa waya mlangoni pa ghala. Njooni na bolti zenu mpimishe kabla ya mkutano wa Jumamosi. Spana namba 30 iliazimwa na haijarudi, aliyenayo anajijua.

Sisi, Kamati ya Mashine