Usalama wa maabara za vyuo ni mtaji wa mfanyabiashara wa mpakani

Mfanyabiashara anayetoa mahindi Ryansoro, mkoani Gitega, na kuyapeleka Tanzania anazijua karatasi zake zote. Akishapita Gitega mjini, Karuzi na Muyinga, mpaka Kobero inakotazamana na Kabanga, ataulizwa kitambulisho, risiti na, kama thamani ya mzigo haizidi dola 2,000 za Marekani, cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Lakini kwa nafaka kuna karatasi nyingine inayoweza kuzipiku zote hizo, nayo ni majibu ya maabara. Ikitiliwa shaka, mzigo unalala, na mzigo ukilala faida inaliwa na siku.

Karatasi hiyo haijiandiki. Nyuma yake yupo mtu aliyesaga sampuli, akaichanganya na kemikali, akasoma kipimo na kutia saini. Mara nyingi ni kijana aliyemaliza chuo kikuu miaka michache iliyopita. Wafanyabiashara huuliza atamaliza lini na atatoza kiasi gani. Ni nadra kuuliza alifundishwa wapi kujikinga na anachokipima. Swali hilo linaonekana kuwa la wasomi, lakini lina uhusiano wa moja kwa moja na mfuko wa mchuuzi. Mafunzo ya usalama na afya katika maabara za vyuo ni miundombinu ya biashara kama zilivyo barabara na mizani, na Jumuiya ya Afrika Mashariki inapaswa kuyawekea kiwango kimoja.

Yaliyotokea Machi 2021 bado hayajasahaulika. Tarehe 5 mwezi huo, mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Malori yalikwama mpakani. Siku tano baadaye zuio liliondolewa kwa masharti: waagizaji wajisajili, na kila mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi mikrogramu 10 kwa kilo moja ya mahindi. Kiwango hicho ndicho kilichomo katika viwango vya mahindi vya Afrika Mashariki, pamoja na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Tangu hapo, hatima ya lori zima inaweza kuamuliwa na kipimo ambacho jicho haliwezi kukiona.

Kenya haikuwa inatishia watu bure. Mwaka 2004, mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 mashariki mwa nchi hiyo, kati ya wagonjwa 317 waliorekodiwa. Mwaka 2016 watu wengine walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara, Tanzania. Kwa hiyo kipimo lazima kiwepo. Kinachohitaji kujadiliwa ni hali ya mahali kinapofanyiwa.

Kupima sumukuvu huanza kwa kusaga nafaka, na kusaga huleta vumbi. Ikiwa mahindi yana sumu, vumbi nalo lina sumu, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka sumukuvu katika kundi la vitu ambavyo imethibitika kwamba vinasababisha saratani kwa binadamu. Baada ya kusaga, unga huchanganywa na methanoli, kimiminika kinachowaka upesi na kinachoweza kupofusha mtu akikinywa. Kazi ikiisha, vyombo na meza husafishwa kwa dawa ya klorini, ile ile inayouzwa madukani kwa kufulia nguo nyeupe. Dawa hiyo ikikutana na tindikali hutoa gesi inayochoma mapafu. Hatua zote hizi hupitiwa kila siku na mtu mmoja, pengine kwenye chumba chenye dirisha moja.

Mafunzo ya usalama ndiyo yanayomweleza mtu huyo asagie wapi, avae barakoa ya aina gani, asihifadhi chupa zipi pamoja, na afanye nini katika dakika ya kwanza tindikali inapomrukia jichoni. Jibu la swali la mwisho ni kusafisha jicho kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 bila kusita. Ni jambo dogo, ila asiyelizoea hataweza kulifikiria akiwa katika maumivu.

Jambo hili linamhusu mfanyabiashara kwa sababu usalama na usahihi ni mazoea yale yale. Vumbi linaloingia kwenye pua ya mpimaji ndilo linaloingia pia kwenye sampuli ya jirani. Kinu kisichosafishwa baada ya mahindi mabovu ya mtu mmoja kinaweza kuyatia hatiani mahindi mazuri ya mwingine. Chupa isiyo na lebo inaweza kumwunguza mwanafunzi, na inaweza pia kuharibu kipimo. Maabara isiyojali mapafu ya wafanyakazi wake ni vigumu kuaminiwa kwamba inajali gunia la mteja.

Upande wa mifugo hatari ni kubwa zaidi. Homa ya Bonde la Ufa ilitambuliwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya, kwa kondoo wa karibu na Ziwa Naivasha, na ripoti yake ikachapishwa mwaka 1931. Watafiti waliokuwa wakiichunguza waliambukizwa wenyewe. Ndivyo dunia ilivyojua kwamba ugonjwa huo hauishii kwa mnyama. Mwaka 2022 homa hiyo hiyo ilishika ng'ombe wa Burundi, na serikali ikasimamisha biashara ya mifugo. Wachuuzi wa ng'ombe hawahitaji kuelezwa maana ya soko kufungwa. Na soko la namna hiyo hufunguliwa kwa vipimo: mtu achukue damu, aifikishe maabara bila kumwagika, aipime bila kuambukizwa, atoe jibu linaloaminika hata ng'ambo ya mpaka.

Historia ya Marburg inafundisha jambo hilo kwa uchungu zaidi. Mwaka 1967, nyani waliosafirishwa kutoka Uganda kwenda Ulaya kwa ajili ya utafiti walifika na virusi ambavyo havikuwa vimejulikana. Wafanyakazi wa maabara katika miji ya Marburg, Frankfurt na Belgrade waliwashika na kuwapasua. Watu 31 waliugua, saba wakafa. Huo ulikuwa mzigo halali wenye karatasi zake, na waliokufa ni wa nchi zilizokuwa na maabara bora. Mwaka 2024 ugonjwa huo ulizuka Rwanda. Kati ya watu 66 waliothibitishwa kuugua, walio wengi walikuwa wahudumu wa afya, na watu 15 walifariki. Mapema mwaka 2025 ulikuwa Biharamulo, mkoani Kagera, mkoa ule ule anaoingia mtu akitoka Kobero. Katika eneo kama hili, mpimaji aliyefunzwa kujikinga ni mlinzi wa mpaka.

Mazoea hayo hujengwa chuoni. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akizoea kuvuta kemikali kwa mdomo, kula chapati juu ya meza ya vipimo au kumwaga mabaki kwenye sinki, atafanya hivyo hivyo akiajiriwa kwenye shirika la viwango au kwenye ghala la nafaka. Burundi ina Chuo Kikuu cha Burundi kilichoanza mwaka 1964, na Gitega, mji mkuu wa kisiasa tangu 2019, una chuo kikuu chake cha ufundi. Vijana wa Ryansoro wanaosomea kemia, kilimo au afya watapitia vyumba vya namna hiyo, nao ndio watakaosaini majibu ya kesho.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri. Yaliyotokea Marekani yanakanusha hoja hiyo. Desemba 2008, msaidizi wa utafiti mwenye umri wa miaka 23 alikuwa akihamisha kemikali inayowaka ikigusa hewa, katika chuo kikuu cha California, Los Angeles. Hakuwa amevaa koti la maabara, na sweta yake ilikuwa ya nyuzi za viwandani. Alishika moto, na siku 18 baadaye alifariki. Chuo kilikuwa na fedha, vifaa na jina kubwa. Wakaguzi walikuta pengo katika mafunzo na mavazi ya kinga. Kesi ikafika mahakamani, na chuo kikabadilisha taratibu zake kwa makubaliano na waendesha mashtaka. Koti la pamba lingegharimu kidogo mno kulinganisha na hayo.

Sheria hazikosekani katika ukanda huu. Tanzania ina sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003, Uganda ya 2006, Kenya ya 2007. Burundi ilirekebisha sheria yake ya kazi Novemba 2020. Juni 2022, Shirika la Kazi Duniani lilitangaza kwamba mazingira salama na yenye afya ya kazi ni miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi. Tatizo ni kwamba sheria za kazi huandikwa kwanza kwa ajili ya mwajiri na mwajiriwa. Mwanafunzi hana mkataba wa kazi wala mshahara. Anashika tindikali ile ile anayoshika mwajiriwa, lakini ni rahisi kusahaulika mkaguzi anapofika.

Kuna pengo jingine, nalo ni la ukanda. Wahandisi, wahasibu, wasanifu majengo na madaktari wa mifugo wana makubaliano ya kutambuana katika Jumuiya. Wakuu wa nchi walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu Mei 2017, na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lenye makao yake Kampala linasimamia ulinganifu wa masomo. Hata hivyo, mizigo husafiri kwa viwango vya pamoja huku usalama wa wanaoipima ukiachwa mikononi mwa kila chuo. Hata ithibati ya kimataifa ya maabara za vipimo, ISO/IEC 17025, hupima umahiri wa upimaji. Afya ya mpimaji siyo kiini chake.

Baraza hilo linaweza kuanza na mambo matatu. La kwanza ni somo moja fupi la lazima kwa kila mwanafunzi kabla hajagusa chupa, likiwa na mtihani wa vitendo: kuzima moto, kuosha jicho, kusafisha kemikali iliyomwagika, kuvua glovu bila kujichafua. La pili ni cheti kinachotambulika Gitega, Morogoro, Nairobi na Goma, kinachorudiwa kila baada ya miaka michache. La tatu ni lugha. Chupa inayonunuliwa Nairobi huwa na maandishi ya Kiingereza, ilhali mwanafunzi wa Gitega anasoma kwa Kifaransa na kufikiri kwa Kirundi. Alama za hatari za Umoja wa Mataifa, zile za mwali wa moto na fuvu ndani ya pembe nne nyekundu, husaidia tu kwa aliyefundishwa kuzisoma. Mkataba wa Jumuiya unataka Kiswahili kikuzwe kuwa lugha ya mawasiliano ya ukanda. Basi kianze kutumika pale ambapo neno moja lisiloeleweka linaweza kumtoa mtu jicho.

Gharama itatajwa, na ni haki kuitaja. Kabati la kunyonya hewa yenye sumu ni ghali, na likishanunuliwa linahitaji kukaguliwa na kutengenezwa. Lakini lebo, daftari la ajali na la nusura-ajali, bomba la maji lililo karibu na zoezi la dharura la kila muhula ni vitu ambavyo chuo maskini kinavimudu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa biashara hii ni mpaka uliofungwa.

Wafanyabiashara nao wana sehemu yao. Wao ndio wanaolipia vipimo, kwa hiyo wana haki ya kuuliza. Chama cha wauza nafaka cha Muyinga au Ngara kinaweza kuitaka maabara inayohudumia wanachama wake ieleze kama wapimaji wana mafunzo ya usalama yaliyothibitishwa, na lini yalirudiwa mara ya mwisho. Faida itawarudia hata nyumbani. Maghala mengi ya nafaka hutumia vidonge vya kufukizia wadudu, ambavyo vikipata unyevu hutoa gesi ya fosfini inayoua mtu aliyelala chumba cha pili. Kijana aliyefunzwa vyema chuoni ndiye atakayemwonya mwenye ghala asiweke vidonge hivyo mahali watu wanapolala.

Jumuiya imekwisha kukubaliana kuhusu kiasi cha sumu kinachoruhusiwa katika kilo moja ya mahindi. Ilichobakiza ni kukubaliana kuhusu kiasi cha ujuzi anachopaswa kuwa nacho kijana kabla ya kuambiwa aipime sumu hiyo. Hilo halihitaji mkataba mpya wala fedha za wafadhili. Linahitaji vyuo vikae meza moja, na wafanyabiashara wadai matokeo kama wanavyodai barabara.