Kabla ya GTA VI, Maliza San Andreas

Wasee wa Kitui na Makueni, leo sijakuja na amani. Kila wiki lazima mtu aniulize GTA VI inatoka lini, kana kwamba Rockstar ni mashemeji zangu. Jibu ni hili: walisema 2025, wakasogeza hadi Mei 2026, wakasogeza tena hadi tarehe 19 Novemba 2026. Na imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series pekee. Sasa wewe mwenye laptopu ya mtumba yenye RAM ya 4GB, hapo Kalundu ulipo, unangoja nini haswa?

Kinachonikera zaidi ni kwamba huyo anayeniuliza ana San Andreas kwa hiyo hiyo laptopu. Ilitoka 2004. Amekuwa nayo tangu primary. Na hajawahi kutoka Los Santos.

Najua hajatoka kwa sababu nikimuuliza kuhusu jangwa ananiangalia tu. Anajua ile misheni ya treni na Big Smoke, anajua kodi za silaha na za kuondoa polisi, alikuwa ameziandika nyuma ya daftari la hisabati. Hajui kwamba baada ya hapo CJ anasalitiwa na watu wake, anatupwa mashambani kwa vumbi bila kitu mfukoni, anaanza maisha upya. Yaani sehemu ya gemu ambayo mtu wa Ukambani angeielewa kuliko mtu wa Los Angeles yenyewe, ndiyo hajawahi kuiona! Halafu inakuja San Fierro na ile gereji, inakuja Las Venturas na kasino zake, na mwisho kabisa anarudi nyumbani kumaliza maneno. Gemu imejaa, msee. Wewe umelamba kifuniko tu.

Msimamo wangu ni mmoja na siusogezi: usipakue, usikopi, usinunue gemu nyingine yoyote mpaka umalize tatu kati ya zile zilizolala kwa mashine yako. Na wale wenzangu wanaotengeneza video za kukuambia uko nyuma kwa sababu unacheza gemu ya miaka ishirini, wapuuze. Wanalipwa na macho yako, na macho hufuata kitu kipya. Mimi pia nalipwa na macho, kwa hivyo najua kazi ilivyo.

Huko majuu hili rundo la gemu zisizochezwa linatoka kwa ofa. Steam inapunguza bei, mtu ananunua kumi, anacheza moja. Epic nao wamekuwa wakigawa gemu za bure tangu Desemba 2018, na Mei 2020 waligawa hata GTA V yenyewe. Sisi rundo letu lina mlango mwingine. Unaingia movie shop na fleshi, jamaa anafungua folda, unachagua kama mtu anayechagua mitumba: hii, hii, hii, na hiyo pia weka. Kwa bei ya chapati mbili na maharagwe unatoka na gemu sita. Ukifika nyumbani unafungua moja, unaangalia picha za mwanzo, unasema "hii ni moto," unaifunga. Wiki ijayo uko movie shop tena.

Na kuna sababu tuko hivi. Wengi wetu tulijifunza kucheza kwa vibanda vya PS, Kitui mjini, Wote, Mwingi, Emali, na pale unalipia mechi au dakika. Ukiwa na bob kumi unacheza FIFA, kwa sababu FIFA inaisha kabla pesa haijaisha. Nani angelipia God of War kwa dakika? Hata ungejaribu, kesho yake ungekuta memori kadi imejaa, ama kuna mtoto amesevu juu ya kazi yako. PS2 iliuzwa zaidi ya milioni 155 duniani, na naamini hakuna mahali ilifanyishwa kazi ngumu kama vibandani kwetu, lakini tulichofundishwa pale ni mianzo. Tunajua mwanzo wa kila kitu. Kisha tukapata mashine zetu, hakuna mtu anayehesabu dakika, na bado tunacheza kama mtu aliyebakisha bob tano.

Mfano ambao unaniuma ni Need for Speed: Most Wanted, ile ya 2005. Hakuna kijana wa rika langu asiyeijua. Razor anakuhujumu, unapoteza ile BMW M3 GTR, kisha unaanza chini kabisa, namba 15, ukipanda mmoja mmoja hadi namba 1. Kila mtu anaweza kukusimulia vile alivyonyang'anywa gari. Uliza kikao kizima, ni nani alilirudisha? Kimya. Wamefika namba 12, namba 11, polisi wakawa wagumu, wakarudi kwa mbio za haraka na gari la kupewa. Hawajawahi kumshinda Razor. Hawajawahi kukimbizwa na mji mzima mwishoni huku ile BMW ikiwa mikononi mwao, mpaka ule mruko wa darajani. Miaka ishirini na gari la watu bado liko kwa Razor, na wewe unaniuliza kuhusu gemu ambayo haijatoka.

Huku kwetu maji si mchezo. Tuna mabwawa ya mchanga mitoni, tunaweka matangi, tunajua thamani ya kitu ulichohifadhi. Ukimwona jirani ana tangi la lita 5,000 limejaa mpaka juu, halafu amepanga foleni kwa kioski na mtungi, utamwita nani? Huyo ni wewe na ile folda.

Mtasema kipya ni kipya. Haya, tuongee kuhusu kipya. Sony walitoa Concord tarehe 23 Agosti 2024. Tarehe 6 Septemba wakaizima. Wiki mbili! Waliolipa walirudishiwa pesa, lakini gemu ikaenda. Cyberpunk 2077 ilitoka Desemba 2020 ikiwa mbovu kiasi kwamba Sony waliitoa dukani kwao kwa miezi. Iliponyooka vizuri ilikuwa Septemba 2023 na sasisho la 2.0. Waliokimbilia siku ya kwanza walilipa bei ya juu zaidi kwa gemu mbovu zaidi. Aliyengoja miaka mitatu alipata gemu nzima kwa bei nafuu. Kuchelewa kulimfaa.

Na hata ukilipa, si yako. The Crew ya Ubisoft ilitoka 2014. Tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa, na hata mtu aliyekuwa akicheza peke yake hakuweza kuifungua tena. Steam wenyewe, tangu Oktoba 2024, wanakuonyesha ukilipa kwamba unachonunua ni leseni. Sasa linganisha na ile Most Wanted yako. Haiulizi seva. Haiulizi bando. Stima ikipotea Mutomo kutoka saa moja jioni, betri ya laptopu ikiwa na nguvu unaendelea tu. Kwa simu ya kawaida, PPSSPP inafungua gemu za PSP, na gemu ya PSP haizidi 1.8GB, kwa sababu ile diski yao ilikuwa na nafasi hiyo tu. God of War: Chains of Olympus ya 2008 inaingia humo nzima, na Kratos wake wote. Gemu za zamani ndizo zinatoshea maisha yetu. Hizi mpya, nyingi zimetengenezewa mtu mwenye waya wa intaneti nyumbani na ambaye hajui jenereta inalia vipi.

Kuna wazazi watasoma hapa (karibuni, shikamooni) na watasema kijana akamilishe masomo, si gemu. Nawaheshimu. Mimi siko chuoni tena na kuna watu mtaani wanapenda kusema ni gemu zilinitoa. Ilikuwa fee. Gemu haijawahi kuniitisha fee. Na kama mnataka kujua gemu inayokula vijana wenu, si ile yenye hadithi. Ni ile ya ndege. Aviator. Ndege inapaa, namba inapanda, kijana ameshika simu nyuma ya stegi ya bodaboda na pesa ya mafuta, ndege inapotea. Aprili 2025 bodi ya kamari ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, na bado kijana wenu hakuhitaji tangazo, kwa sababu gemu ile haina mwisho. Imetengenezwa isiwe na mwisho. Hakuna Razor wa kushinda pale, hakuna majina yanayopita kwa skrini ukijua sasa naweza kulala. Gemu yenye mwisho inakuachilia. Hii nyingine inakungoja mpaka M-Pesa isome sufuri, halafu inangoja mwisho wa mwezi.

Hapo ndipo mimi siwezi kucheka na hili jambo. Mtu aliyezoea kufungua na kufunga, kuonja na kuruka, ndiye mteja mzuri wa ile ndege. Ameshazoea dakika mbili mbili.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo ina nguvu: kwamba nikikulazimisha kumaliza nimegeuza mchezo kuwa homework. Sawa. Kama umecheza masaa matatu na gemu ni mbaya, ifute. Ifute kabisa, itoke kwa diski, usiiweke eti utarudi. Hutarudi. Makueni wanajua embe: ukichuma magunia ambayo huna mahali pa kuyapeleka, nusu ya kibanda kinanuka kufikia Januari. Kufuta pia ni kumaliza. Ninachokataa ni kulimbikiza.

Na kuhusu kukopi, najua mtaniuliza. Hiyo vita ina siku yake, lakini nasema hivi: ukichukua bure kazi ya watu mia na hata hukuifungua, umewadharau mara mbili. Ndiyo maana kuna moja naomba muilipie. Tales of Kenzera: Zau. Ilitoka Aprili 2024, mkuu wake ni Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, yule aliyekuwa sauti ya Bayek kwa Assassin's Creed Origins. Aliitengeneza akimwomboleza babake. Shujaa wake ni mganga kijana anayetaka kumrudisha baba kutoka kwa mauti, na dunia yake imetokana na hadithi za Wabantu, yaani hadithi za ukoo mmoja na zile susu wangu alikuwa akitusimulia. Ina sauti za Kiswahili. Kiswahili, wasee! Si gemu ndefu, wikendi mbili zinatosha. Iliuzwa kwa dola 20 tu, na bado miezi michache baadaye studio ikatangaza kupunguza wafanyakazi. Na kuna wasee wa hapa hapa walioipata kwa PlayStation Plus siku ileile ya kwanza, bila kuongeza hata shilingi, na imelala kwa maktaba yao chini ya FIFA tatu. Miaka yote tunalia hakuna gemu yetu, ikaja, tukaiweka kwa rundo.

Mimi wiki hii niko namba 4 ya Most Wanted, padi ni ya mtumba na kitufe cha breki kinashika kikitaka. Nitumieni picha ya skrini Razor akiwa chini. Si ya mtandaoni, natambua. Watu wa Mwingi, nyinyi ndio mnapiga kelele zaidi kuhusu GTA VI, kwa hivyo tunaanza na nyinyi.