Acheni kuandika "betri kavu" halafu mkanyamaza

Wadau wa Nachingwea na Ruangwa, fungua stetasi ya muuza sola yeyote leo. Utakuta: "Betri kavu original, bei njoo inbox." Mimi naona tangazo la hivyo linatuharibia soko.

Kwanza, ukavu wenyewe haupo. Ndani mna risasi na asidi kama betri ya maji, ila imefungwa, mteja haongezi kitu. Na ziko aina mbili. Kwenye AGM asidi imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo. Kwenye jeli imechanganywa na silika mpaka ikaganda kama uji mzito. Kwa nje zinafanana, kwa hiyo soma ubavuni kabla ya kupiga picha.

Kasheshe iko kwenye chaji. AGM nyingi za volti 12 zinataka volti 14.4 mpaka 14.7. Jeli inataka chini kidogo, 14.1 mpaka 14.4. Ukimuuzia mtu jeli na kontrola yake imesetiwa kwa betri ya maji, jeli inafanya mapovu ndani na hayo mapovu hayaondoki. Betri inakufa taratibu, na wewe ndo unaitwa tapeli kijiji kizima. Mtu kanunua kwa hela ya korosho, inayoingia mara moja kwa mwaka! Mwambie kontrola aiweke wapi, ni dakika mbili tu.

Na joto letu je? Umri wa betri huandikwa kwa nyuzi 25. Zikipanda kama 10 hivi, umri unakatika karibu nusu. Asiiweke juu karibu na bati. Jeli huvumilia joto vizuri kuliko AGM, ndiyo maana bei yake imesimama. Lakini usimpambie jeli kila mtu. Mwenye mashine inayovuta umeme mwingi kwa ghafla, AGM inamfaa zaidi.

Halafu mpigie hesabu. Ah 100 mara volti 12 ni wati-saa 1,200, na betri ikidumu inatumiwa nusu tu, yaani 600. TV ya wati 50 na taa tatu za wati 5 ni 65. Hapo ni kama saa 9, toa kidogo kinacholiwa na inveta. Akitaka friji, mwambie ukweli.

Feki? Ipime. Ah 100 ya kweli huwa karibu kilo 30, na huku kwetu mizani hatukosi. Ikija na kilo 18, irudishe.

Wanaofuata mzigo Kariakoo mwezi wa sita wakisubiri msimu, betri inajimaliza yenyewe stoo. Kwa joto hili ichaji kila miezi mitatu, na ukiipima ikasoma chini ya volti 12.5, usiipeleke kwa mteja kabla haijajaa.