Kupima bila kurekebisha si udhibiti

Mwalimu yeyote aliyepata kufundisha katika shule zetu anaifahamu vyema ile karatasi ibandikwayo ubaoni matokeo ya mtihani yatokapo. Juu huandikwa alama ya wastani ya shule, na chini yake alama ya kila somo pamoja na jina la mwalimu anayelifundisha. Waliopanda hupigiwa makofi. Walioshuka huitwa ofisini. Baada ya majuma mawili karatasi hubanduliwa, na muhula mpya ukaendeshwa vile vile kama uliotangulia.

Hapo twajidanganya kwamba tunadhibiti utendaji kazi wa shule. La hasha! Tunapima tu.

Wataalamu wa usimamizi wanatufunza kwamba udhibiti una hatua nne. Kwanza, kuweka kiwango kinachotarajiwa. Pili, kupima kazi iliyofanywa. Tatu, kulinganisha kazi hiyo na kiwango. Nne, kurekebisha palipokwenda kombo. Zana zote za meneja, ziwe bajeti, ukaguzi wa hesabu, ripoti za kila robo ya mwaka au fomu za tathmini, zimeundwa ili zifikishe shirika kwenye hatua ya nne. Ikikosekana hiyo, tatu za awali ni kazi bure.

Nahodha wa jahazi huishusha bildi majini kupima kina. Akiona maji yamepungua, hageuki kuwagombeza mabaharia. Hugeuza usukani.

Hapa Kenya zana hizi si ngeni. Serikali ilianzisha kandarasi za utendakazi mwaka 2004, ikianza na mashirika 16 ya umma. Mwaka 2016 Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC) ikaueneza mfumo wa kuwatathmini walimu ujulikanao kama TPAD. Vyama vya walimu vililalamika, lakini mimi siungi mkono wanaotaka tusipimwe kabisa. Mzazi anayeuza mbuzi ili alipe karo ana haki ya kujua kama mwalimu anaingia darasani. Ninalopinga ni kipimo kugeuzwa rungu.

Nilipokuwa kijana katika kazi hii, nilifundisha darasa la nane katika shule moja ya msingi ambayo sitaitaja. Mwalimu mkuu alikuwa ameahidi kamati ya shule kwamba wastani ungepanda. Muhula wa kwanza ulipokwisha, aliniagiza nimpe majina ya watoto dhaifu. Nilidhani walikuwa wanatafutiwa masomo ya ziada, nami nikayaandika kwa furaha. Kumbe walirudishwa darasa la saba wasije wakaushusha wastani wa KCPE! Mmoja wao, mvulana mkubwa aliyekuwa amekwisha kurudia darasa mara moja, alikusanya vitabu vyake na hakuonekana tena. Wastani ulipanda kweli. Tulikula pilau. Mkono ulioandika jina lake ni huu uandikao makala haya.

Mwanauchumi Mwingereza, Charles Goodhart, aliligusia jambo hili mwaka 1975 alipokuwa akizungumzia sera za fedha. Maana ya maneno yake ni kwamba takwimu ikishafanywa kuwa chombo cha kushurutishia, huacha kueleza ukweli iliokuwa ikiueleza. KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, lakini tabia ile haikuzikwa nayo. Mwalimu anayejaza fomu za tathmini usiku wa kuamkia siku ya mwisho, akijipa alama zisizomkera mkubwa wake, ni ndugu yake yule mwalimu mkuu wangu.

Tufanyeje basi? Kwanza, tupime mapema. Zoezi dogo la kila juma, lililosahihishwa na kurudishwa kesho yake, lafaa kuliko mtihani wa mwisho ambao majibu yake huja mwanafunzi akiwa ameshaondoka. Pili, kila upungufu utakaoandikwa uandamane na hatua itakayochukuliwa, jina la atakayeichukua na tarehe. Tatu, tupime safari aliyokwenda mtoto, wala si mahali alipofika tu. Aliyetoka alama 15 akafika 40 amefanyiwa kazi kubwa kuliko aliyekuja na 80 akaondoka na 80.

Nanyi wanafunzi msidhani hili ni la wakubwa peke yao. Ukirudishiwa karatasi ukatazama alama iliyo juu, ukaikunja na kuitia mkobani, nawe umeishia hatua ya tatu.

Peter Drucker, katika kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu usimamizi, alitaka malengo yamwezeshe mtu kujidhibiti mwenyewe. Wakuu wa shule wakilizingatia hilo, karatasi ile ya ubaoni itakuwa mwanzo wa mazungumzo wala si hukumu. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumekuwa hodari wa kuupima ufa kila muhula, na udongo wa kuuziba hatujaukanda.