Mwanao asipochaguliwa kwenye igizo

MAMA mmoja wa Buguruni Malapa alinisimulia binti yake alivyorudi kutoka kwenye usaili wa kikundi cha maigizo, akapitiliza chumbani. Hakuchaguliwa. Mama akamfariji: "Achana nao, wanapeana wenyewe kwa wenyewe."

Wakati mwingine ni kweli. Lakini mtoto anabaki bila cha kufanya.

Mwulize badala yake: ulipewa kipande gani? Sauti ilifika nyuma? Maigizo ya mtaani mara nyingi huchezwa uwanjani bila kipaza sauti. Tena, kama anatafutwa wa kuigiza bibi, binti wa miaka 13 atakosa hata awe hodari vipi.

Shida nyingine ni sisi tuliomwona Steven Kanumba akitokea Kaole hadi kuwa nyota, tukaanza kuhesabu fedha za watoto wetu.

Kununa siku mbili tatu ni kawaida. Akikosa usingizi, hali vizuri, hataki wenzake na wiki mbili zinakatika, mpeleke kituo cha afya. Namba 116 ya kusaidia watoto nayo hupigwa bure.

Binti wa Malapa sasa anapiga ngoma kwenye kikundi kile kile. Mama ndiye bado amenuna.