Faili la mkulima likipotea, nani alipe?

Mzee mmoja tunayefahamiana hapa Mlandege, mjini Iringa, ana kibanda cha kuuza mbegu, mbolea na dawa za mimea. Kwa wiki sita mfululizo alikuwa akifunga kibanda chake kila Jumatatu asubuhi ili aende kwenye ofisi moja ya umma kufuatilia barua yake. Kila alipofika alijibiwa neno lile lile: "Mzee wangu, jalada lako halionekani. Pita tena wiki ijayo."

Wiki ya saba mwanawe alimkumbusha kuwa siku alipopeleka barua ile aligongewa mhuri kwenye nakala yake. Akaenda nayo. Karani alitazama tarehe ya mhuri, akafungua daftari la barua zinazoingia, akaiona namba ya jalada, na baada ya dakika kumi jalada likapatikana. Lilikuwa kwenye kabati la ofisa aliyekwisha kuhamishiwa wilaya nyingine.

Hakuna aliyemwomba radhi, wala aliyemuuliza kuhusu mauzo aliyoyakosa katika Jumatatu zile sita, tena za msimu wa kupanda.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu tunapozungumzia matatizo ya wakulima na wafanyabiashara wadogo wa Nyanda za Juu Kusini, huwa tunataja barabara mbovu, bei ya mbolea, riba za benki na mvua. Ni nadra kumsikia mtu akiitaja masijala. Mimi nasema masijala ni sehemu ya mtaji wetu, na ikivurugika sisi ndio tunaolipa.

Ni ukweli usiofichika kwamba nchi yetu haina upungufu wa sheria katika suala hili. Sheria ya Menejimenti ya Kumbukumbu na Nyaraka Namba 3 ya mwaka 2002 inazitaka ofisi zote za umma, zikiwamo wakala za Serikali, kutengeneza na kutunza kumbukumbu za kazi zake kwa utaratibu unaoeleweka. Inakataza kuteketeza kumbukumbu za umma bila idhini. Msimamizi wake ni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, iliyo chini ya Ofisi ya Rais, Utumishi.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Barua ikiingia hugongwa mhuri wa tarehe, huandikwa kwenye daftari, hupewa namba ya folio na kuingizwa kwenye jalada lenye kichwa cha habari kinachoeleweka. Jalada likitoka kwenda kwa ofisa, huandikwa limekwenda kwa nani na lini. Likishamaliza kazi hupelekwa kwenye kituo cha kumbukumbu, na baada ya muda uliopangwa ama huteketezwa kwa idhini, ama huhifadhiwa kama nyaraka ya Taifa.

Tatizo ni kwamba utaratibu huu hufuatwa na mtu, na mtu huyo mara nyingi hathaminiwi. Katika ofisi nyingi, mtumishi akiambiwa anahamishiwa masijala huona ameadhibiwa. Chumba chenyewe ndicho kidogo kuliko vyote, na wakati wa kupunguza matumizi ndicho cha kwanza kukosa makabrasha na kabati. Halafu tunashangaa faili likipotea.

Faili likipotea, anayepata hasara ni mwananchi. Na kuna wakati faili hupotea ili lipatikane. Kila aliyewahi kuombwa "chai ya kulitafutia" anaelewa ninachosema. Rushwa ndogo ndogo haihitaji mahali pa kujificha pazuri kuliko chumba ambacho hakuna anayejua kilichomo.

Tutazame mifano inayotugusa moja kwa moja. Kuanzia msimu wa 2008/09 Serikali iliendesha mpango wa vocha za pembejeo, na mikoa yetu ya Iringa na Mbeya ilikuwa miongoni mwa iliyonufaika. Mkulima alipewa vocha ya mbegu na mbolea, akachangia sehemu ya bei, na sehemu nyingine ikalipwa na Serikali kupitia kwa wakala wa pembejeo. Mpango ulikuwa mzuri, na wengi walionja mbolea kwa mara ya kwanza kupitia vocha hizo.

Lakini mpango ule ulitegemea karatasi kutoka mwanzo hadi mwisho: orodha ya wakulima kijijini, saini ya mkulima, saini za kamati ya vocha na vitabu vya wakala. Mahali karatasi zilipolegea, majina hewa yaliingia. Mambo yakawa mabaya zaidi baada ya msimu wa 2015/16, pale mawakala wa pembejeo walipobaki wakiidai Serikali. Serikali ikaagiza uhakiki, ikakuta madai ya kughushi, na malipo yakasimama huku uhakiki ukiendelea.

Serikali haikukosea kuhakiki, kwa kuwa fedha za umma hazilipwi kwa maneno matupu. Ninachouliza ni hiki: je, kama kila kijiji kingekuwa na orodha iliyotunzwa vizuri, na kila wilaya ingekuwa na nakala yake, ingechukua muda gani kumtenganisha wakala mwaminifu na mwizi? Kwa maoni yangu, ingekuwa kazi ya wiki chache. Kwa kukosa kumbukumbu za uhakika, mwaminifu na mwongo waliwekwa kapu moja, na wapo walioshindwa kurejesha mikopo ya benki wakisubiri.

Mfano wa pili ni ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inamwezesha mwanakijiji kupata hati ya hakimiliki ya kimila, na inakitaka kijiji kiwe na masijala ya ardhi. Katika miaka ya karibuni maelfu ya hati hizo yametolewa katika vijiji vya wilaya za Iringa na Mbeya, na mipaka ikapimwa kwa kutumia simu za kisasa. Hilo ni jambo la kupongezwa.

Hata hivyo, hati iliyo mikononi mwa mkulima ina nguvu pale tu inapolingana na kumbukumbu iliyo ofisini. Siku ya mgogoro wa mpaka, au siku ya kupeleka hati benki kuomba mkopo, kitakachoulizwa ni daftari la kijiji na la wilaya. Kama daftari la kijiji limetafunwa na mchwa katika ofisi ya mtendaji inayovuja, mkulima atabaki na karatasi nzuri yenye maswali.

Tatu ni suala la kugawanywa kwa maeneo ya utawala. Wilaya ya Kilolo ilitoka katika Iringa Vijijini mwaka 2002. Mkoa wa Njombe ulitoka katika Iringa mwaka 2012. Mkoa wa Songwe nao ulitoka katika Mbeya mwaka 2016. Kila eneo likigawanywa tunashangilia kwa sababu huduma zinasogea karibu, na ni haki yetu kushangilia. Lakini mafaili nayo yanatakiwa kusafiri.

Mkulima wa nyanya wa Ilula aliyekuwa na shauri lililofunguliwa miaka ya 1990 ana jalada lililoanzia Iringa Vijijini, na leo anahudumiwa Kilolo. Je, jalada lake lilihamishwa? Kama lilihamishwa, liliandikwa kwenye daftari lipi? Kila mgawanyo ulipaswa kuwa na hati ya makabidhiano ya majalada, moja baada ya jingine, kama mwenye ghala anavyokabidhi magunia. Mwenye duka hawezi kugawa mali kwa ndugu wawili bila kuhesabu, seuze Serikali.

Mfano wa nne ni mapato. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimekuwa zikirudia hoja moja kuhusu halmashauri mbalimbali nchini: vitabu vya stakabadhi ambavyo havikuletwa kwa ukaguzi, na hati za malipo zilizokosekana au zenye viambatisho pungufu. Kwa lugha ya sokoni, ushuru ulikusanywa na kitabu hakikuonekana. Ushuru ule ulitoka kwenye magunia yetu ya mahindi na matenga yetu ya nyanya, na kitabu kikikosekana hatuna namna ya kujua fedha zilikwenda kwenye barabara ya shambani au kwingineko.

Watumishi wenyewe nao hawakusalimika. Aprili 2017 Serikali ilitangaza kuwa uhakiki umebaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Watu hao walikuwa na majalada yao ofisini, na mengine yalikaa miaka mingi bila mtu kulinganisha cheti na chanzo chake. Jalada lililopo na halisomwi halina tofauti kubwa na jalada lililopotea.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi mambo haya yamepitwa na wakati kwa sababu tuna kompyuta. Ni kweli hatua zimepigwa. Wakala ya Serikali Mtandao ilianzishwa mwaka 2012 na baadaye ikawa Mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019, na ofisi nyingi za umma zimeanza kupitisha majalada kwenye kompyuta. Makusanyo ya ushuru nayo yamehamia kwenye mashine. Agosti 8, 2022, katika viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa ruzuku ya mbolea ambao mkulima huandikishwa kijijini kwake, akapewa namba, na kununua kwa namba hiyo.

Naunga mkono mabadiliko hayo kwa moyo wote. Lakini kompyuta hutunza kile ilichopewa. Kama daftari la kijiji lina jina la marehemu, au ekari mbili zimeandikwa ishirini, kompyuta itatunza kosa hilo kwa uaminifu mkubwa na kulisambaza haraka kuliko daftari. Ofisi iliyoshindwa kupanga makabrasha mia mbili itashindwa pia kupanga mafaili elfu mbili ndani ya mashine. Tusafishe kwanza ghala, ndipo tulete mizani mpya.

Wengine watasema hakuna fedha. Nami nauliza: daftari la kupokelea barua ni bei gani? Kabati la chuma ni bei gani, ukilinganisha na mafuta ya gari la ofisi kwa mwezi mmoja? Wataalamu nao wapo. Chuo cha Utumishi wa Umma kinafundisha utunzaji wa kumbukumbu, na kina tawi Mbeya. Vijana wanahitimu. Waajiriwe kwenye masijala, wapewe ofisi yenye hadhi, na mkuu wa taasisi apimwe kwa hali ya masijala yake kama anavyopimwa kwa makusanyo.

Napendekeza mambo matatu kwa wakuu wa wakala na halmashauri zetu. Kwanza, kila barua ya mwananchi ipewe namba, na namba hiyo apewe mwananchi siku hiyo hiyo. Pili, ofisa anayehama asipewe ruhusa ya kuondoka kabla ya kurudisha majalada yote aliyoyachukua masijala. Tatu, ofisi ikilipoteza jalada, wajibu wa kulijenga upya uwe wa ofisi, na mwananchi asianze tena kulipia picha, viapo na nauli.

Sisi wakulima na wafanyabiashara nasi tusinyoosheane vidole tu. Wengi wetu tunatoa barua halisi bila kubaki na nakala. Tunalipa ushuru na kutupa stakabadhi kabla ya kufika sokoni. Anayeuza mahindi kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula kule Makambako anajua kwamba malipo yake yanategemea karatasi: kilo zilizopimwa, jina lililoandikwa sawasawa na namba ya akaunti. Herufi moja ikikosewa kwenye jina, fedha zinachelewa, na mwenye jina ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kuliona kosa hilo.

Basi tujiwekee mazoea. Peleka barua mbili, moja ibaki ofisini na nyingine igongwe mhuri na urudi nayo. Andika namba ya jalada kwenye daftari lako la nyumbani. Tunza hati na stakabadhi kwenye mfuko wa nailoni ndani ya sanduku, mbali na moshi wa jikoni. Ukiambiwa faili halionekani, andika barua ya kuuliza liko wapi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa ofisi ya umma, na ofisi imewekewa siku 30 za kujibu. Swali la mdomo husahaulika, lakini barua hudai jibu.

Mzee wangu wa Mlandege amejifunza. Siku hizi nyuma ya kaunta yake kuna kabrasha la bluu lenye nakala ya kila karatasi aliyowahi kuipeleka serikalini, kila moja na mhuri wake. Wateja wake wakipata usumbufu huwaonyesha. Ninachotamani kuona ni siku ambayo ofisi aliyokuwa akiifuatilia nayo itakuwa na kabrasha kama hilo.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Methali hiyo tumezoea kuwaambia wenye maduka. Umefika wakati tuwaambie na wenye ofisi, kwa sababu mali iliyo ndani ya mafaili yao ni yetu.