Tangi la Samaki la Kujitengenezea: Bamba Gani, Gundi Gani?

Likizo inapokaribia, watoto wengi hutamani tangi la samaki sebuleni, na baadhi ya wazazi huona ni bora walitengeneze wao wenyewe kuliko kulinunua. Ni kazi njema, yenye kumfunza mtoto subira na huruma kwa kiumbe asiyeweza kujisemea. Lakini, ndugu msomaji, maji ni mazito. Tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30 huchukua lita 54, yaani kilo 54, uzito unaopita mfuko wa saruji. Mzigo huo hushikwa na vitu viwili tu, bamba na gundi. Basi yafaa vichaguliwe kwa pamoja.

Tuanze na bamba. Akriliki, ambayo wengi huijua kwa jina la Perspex, hutumiwa sana na mafundi wa mabango. Uzito wake haufiki nusu ya uzito wa kioo cha ukubwa uleule, wala haivunjiki upesi ikigongwa. Kasoro yake ni kuchubuka. Ziko aina mbili: iliyomiminwa katika kalibu, na iliyosukumwa na mashine. Hii ya pili huwa nafuu, lakini hubaki na mkazo ndani yake, na ikiguswa na gundi huweza kufanya nyufa nyembamba kama nywele. Kwa tangi, chagua ya kalibu. Si rahisi kuzitofautisha kwa macho, kwa hivyo muulize muuzaji kabla hajakata. Naye ni wajibu wake kusema kweli kuhusu bidhaa yake.

Unene hufuata kimo zaidi, kwani msukumo wa maji hukua kadiri ya kina. Kwa tangi dogo la kimo cha sentimita 30, tumia milimita 6. Kwa 45, milimita 10. Kwa 60, milimita 12. Juu pawe na ukanda wa akriliki wa kuzuia kuta zisitanuke.

Sasa gundi. Silikoni hushika kioo barabara, lakini kwenye akriliki hubanduka baada ya muda. Gundi ya akriliki ni nyepesi kama maji, nayo huyeyusha kingo mbili zikawa kitu kimoja. Hupitishwa kwa bomba la sindano kwenye mshono, ikajivuta yenyewe ndani. Haizibi pengo, kwa hivyo kingo zinyooshwe na kulainishwa kwa msasa mpaka zikutane sawasawa.

Hapa, kina mama, pana jambo la kuzingatia. Gundi nyingi za aina hii zina dikloromethani. Mvuke wake ukivutwa, mwili hugeuza sehemu yake kuwa monoksidi ya kaboni, gesi ileile ya jiko la makaa katika chumba kilichofungwa, nayo huizuia damu kubeba oksijeni. Mwaka 2024 Marekani ilipiga marufuku kemikali hiyo kwa matumizi ya nyumbani. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke huo. Kazi ifanywe nje penye upepo, mbali na moto, na mjamzito na watoto wasiwe karibu.

Asiye na uwanja, au mwenye mimba nyumbani, atumie kioo na silikoni. Achague silikoni isiyo na dawa ya kuua kuvu, maana dawa hiyo hudhuru samaki, kisha angoje mpaka harufu iishe kabisa.

Baada ya kuunganisha akriliki, ngoja siku mbili. Lijaze tangi maji ukiwa bado nje, juu ya meza iliyo sawa inayolibeba chini kote, uliache siku kadhaa. Likivuja, livuje uwanjani, si sebuleni penye nyaya za umeme na watoto. Wakati wa kulisafisha, usitumie spiriti wala dawa ya vioo yenye amonia, kwani hupasua akriliki. Kitambaa laini na maji yatosha.

Juma lijalo, inshaallah, tutazungumzia namna ya kuyatayarisha maji kabla ya kumtia samaki wa kwanza.